Sala ya Macho Wazi

Mtaa mzima ulijua kwamba Mzee Pasi hafumbi macho akisali. Si kwamba alikosa heshima. Imani yake hakuna aliyeitilia shaka, hata wale waliomtania. Ila mtu anayesali huku kashika pasi ya mkaa hana anasa ya kufumba macho. Mchungaji alimuuliza siku moja, nusu utani nusu kweli, kama sala ya namna hiyo inafika. Mzee Pasi hakuinua hata uso.

"Mchungaji, nikifumba macho hapa, Jumapili utahubiri na tundu mgongoni. Sidhani kama Mungu analitaka hilo."

Alikuwa dobi. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa nyumba yao wenyewe, mlango mmoja ukitazama barabarani na mwingine ukiingilia jikoni, na humo alisimama tangu ujana wake mpaka mvi zikamjaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Kila nguo aliyoitandika mezani alimwombea mwenye nguo hiyo, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika jikoni: kola ikianza sala inaanza, kifungo cha mwisho ndiyo amina. Hakuwa na maneno mengi. "Bwana, mwenye suruali hii amepunguza kiuno mara ya pili mwaka huu. Kuna kitu kinamkondesha, umwangalie." Na kwa mwingine: "Bwana, mwenye koti hili vifungo vimeanza kumlalamikia. Mpunguzie sahani."

Mkewe aliyasikia yote hayo akiwa kwenye jiko lake. Kwa njia hiyo alijua nani anaugua, nani kagombana na mkewe, nani kapata kazi, bila kukaa barazani kwa mtu hata siku moja. Hakuyatoa nje. Watu walimwita Mama Pasi, ingawa pasi yenyewe hakuwahi kuishika. Mumewe alikuwa haruhusu. Alisema ataungua, lakini ukweli ni kwamba alikuwa na wivu na ile pasi kuliko alivyokuwa na wivu na mke.

Msidhani alikuwa malaika. Alikoroma wakati wa mahubiri. Aliimba kwa sauti ya kuangusha ukuta, na hakuna wimbo aliowahi kuupatia. Alikuwa mbishi, mzito wa kusifu, na taa ikiachwa inawaka chumba kisicho na mtu, nyumba nzima ilihubiriwa. Lakini alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda kabla hajanywa hata maji, na jioni alisali kwenye meza ya chakula kabla hajalala, na katikati ya magoti na meza hiyo alisimama. Watoto wawili walisomeshwa kwa kusimama huko. Shuleni walijulikana kwa sketi zao tu. Wenzao walisema mkunjo wa sketi ya mtoto wa Mzee Pasi unakata mkate.

Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa. Mkewe alidhani ni kwa ajili ya kukoroma kwa nafasi, mpaka alipomweleza mwenyewe. "Mchungaji anaziona nyuso zao," alisema, "mimi naiona migongo. Na migongo yote ile nimeipitia."

Nguo za nyumbani zilingoja Jumamosi alasiri, baada ya nguo ya mteja wa mwisho kutundikwa. Utaratibu wake haukubadilika. Alizitandaza, akachovya vidole kwenye kopo la maji na kuzinyunyizia, akaviringisha kila nguo kama mkeka mdogo, akazipanga ndani ya beseni na kuzifunika kwa taulo bichi. Hapo alikunywa chai huku maji yakiingia kwenye nyuzi taratibu. Kisha alianza: za kitinda mimba, za mama watoto, na mwisho kabisa shati lake jeupe la kanisani. Miaka ile binti mkubwa alipokuwa bado nyumbani, ndiye aliyetangulia. Watoto aliwaombea mmoja mmoja kwa majina ya utotoni ambayo wao wenyewe walishaona aibu kuitwa. Mke alimwombea kwa sauti ya chini zaidi, na hata akitega sikio vipi, hakuwahi kuyasikia maneno yake. Shati jeupe lilipigwa pasi bila sala. Hapo aliimba wimbo wake mbovu tu.

Siku moja mkewe alimuuliza kutoka jikoni. "Na wewe nani anakuombea?"

"Kinyozi hajinyoi, mama watoto. La kwangu utaliombea wewe, siku nitakayokuachia pasi."

"Basi halitaombewa milele."

"Ndiyo nami nataka hivyo," akasema, na wakacheka mpaka mzee akapaliwa.

Jumamosi ile alimaliza za wateja mapema. Alizitundika zote kwenye waya, akanyunyizia za nyumbani, akaviringisha, akafunika. Kupitia mlango wa jikoni alisema, "Nanyoosha mgongo kidogo, unanisumbua," na mkewe akajibu kwamba chai inachemka. Alipoileta alimkuta kwenye benchi, kaegemea ukuta, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja mteja achague nguo yake. Alimwita. Akamwita tena, safari hii kwa jina alilomwitia walipokuwa wachumba. Kisha akaweka kikombe sakafuni kwa uangalifu mkubwa, maana mikono yake ilikuwa imeshajua kabla yake.

Nyumba ikajaa. Binti mkubwa alifika na mtoto mgongoni, kitinda mimba akawa haachi kutetemeka, na shemeji, mdogo wake marehemu, akashika usukani wa kila kitu kama kawaida yake: simu, viti, turubai, kaburi. Mazishi yakapangwa Jumapili alasiri, baada ya ibada. Mama Pasi aliketi kwenye mkeka katikati ya wanawake na kupokea pole. Mtu akisema "jikaze" aliitikia, mtu akisema "lia tu, mama" aliitikia pia. Kilio chenyewe kilikuwa kimemkwama kooni, hakishuki wala hakipandi.

Asubuhi ya Jumapili alikuja Mwalimu, jirani yao wa mkono wa kulia. Alisimama mlangoni amevaa kaptura ya mpira na shati la kulalia, mikono ameifumbata mbele.

"Pole sana, Mama Pasi."

"Asante, Mwalimu."

"Mzee alikuwa mtu wa watu."

"Alikuwa."

"Pole sana," akarudia, na hakuondoka. Alitazama dari. Alitazama miguu yake mwenyewe. "Mama, sijui hata niseme vipi."

"Sema tu, Mwalimu."

"Suruali yangu iko humo ndani."

Mama Pasi alimtazama, kisha akatazama nyuma yake. Kando ya ua walisimama wengine, wanaume kwa wanawake, wamevaa vya kuokotezea, kila mmoja akijifanya anatazama kwingine. Nguo zao za heshima zilikuwa kwenye waya wa marehemu, milango yote miwili imefungwa, na ufunguo hakuna aliyethubutu kuuulizia. Mtaa mzima ulitaka kuja kumzika Mzee Pasi, na yeye ndiye aliyewafungia suruali. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Alicheka, akashika fremu ya mlango, na kicheko kikageuka kule kule njiani kikawa kilio, kile kilichokuwa kimekwama tangu jana. Mwalimu wa watu alisimama pale na kaptura yake, asijue aweke wapi macho.

Alipotulia alichukua ufunguo kwenye mfuko wa suruali ya kazi ya marehemu, akafungua. Kibanda kilinuka mkaa na sabuni kama siku zote, na hilo lilimuumiza kuliko alivyotegemea. Nguo zilining'inia kwenye waya, zimenyooka, hazina hata kikaratasi cha jina. Mzee Pasi hakuandika; kila nguo aliijua. Shemeji akaanza kusema watu waingie watafute wenyewe, lakini Mama Pasi alikuwa ameshashusha ya kwanza. Ile suruali iliyopunguzwa kiuno mara mbili ilikuwa ya Mwalimu. Alimkabidhi.

"Na daktari umemwona?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

Mwalimu alishtuka. "Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nenda umwone."

Akaendelea hivyo hivyo. Koti la vifungo vinavyolalamika alijua la nani. Gauni la yule ambaye mwanawe hajaandika barua tangu aende mbali alijua la nani. Alizigawa zote kwa sala alizozisikia kupitia mlango wa jikoni, na hakukosea hata moja. Watu walipokea nguo zao kwa mikono miwili, wamezinyoosha mbele ili zisikunjike, wakaondoka.

Waya ulipobaki mtupu ndipo alipoliona beseni chini ya meza.

Alifunua taulo. Nguo zilikuwa pale, zimeviringishwa, zimepangwa kwa zamu yake: ya kitinda mimba juu, shati jeupe chini kabisa. Aliligusa. Lilikuwa bado bichi, baridi, kama lilivyoachwa. Maji aliyoyanyunyizia mumewe yalikuwa bado yamo ndani. Alilitoa, akaliweka shavuni, akakaa nalo kwenye lile benchi.

Binti mkubwa alimkuta hapo. "Mama, zimelala na maji tangu jana. Zikikaa tena zitapata vidoa."

"Najua."

"Nizipeleke kwa yule dobi wa sokoni? Ana mashine ya mvuke, dakika tu."

"Baba yako azikwe na mkono wa yule wa sokoni?"

Yule wa sokoni alikuwa mtani wake Mzee Pasi, walisalimiana kwa matusi ya heshima, lakini mashati yake yalirudi yakiwa yameregea, na marehemu alisema waziwazi kwamba mtu yule hapigi pasi, anatisha nguo tu.

"Basi nani?" binti akauliza.

"Mimi. Washa mkaa."

Shemeji, aliyekuwa mlangoni, hakuweza kuvumilia. "Shemeji, leo ni Jumapili. Kaka hakuwahi kuwasha pasi Jumapili. Kuna tajiri alikuja na suti ya harusi, kaka akaifukuza suti na tajiri wake. Unajua mwenyewe."

"Najua."

"Sasa leo, siku yake, tumvunjie mwiko wake?"

"Kaka yako hakuwahi kufa pia, shemeji. Jana ndiyo mara ya kwanza. Niacheni."

"Nitanunua shati jipya. Duka la pale liko wazi mpaka saa sita."

"Nunua ukitaka. Huyu ataondoka na shati alilolilowesha mwenyewe."

Hapo shemeji akaelewa kwamba anazungumza na ukuta, akaondoka, na bado akaenda dukani.

Mkaa ulipokolea Mama Pasi aliinua pasi kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, na ilikuwa nzito kuliko alivyowahi kuiwazia. Mkono wake ulishuka. Alimfikiria kijana yule mwembamba aliyemposa, akaiinua hii asubuhi mpaka jioni, siku kwa siku, ili nyumba ile ipate kula, na hakuwahi kuingia jikoni akasema amechoka. Alisema tu anajinyoosha mgongo. Alikasirika, akamkasirikia kweli kweli, maiti yake iko chumba cha pili. Kwa nini hukusema, wewe mtu. Ungesema ningekukanda.

Alianza na ya kitinda mimba, kama alivyopanga mwenyewe. Alitingisha pasi mlangoni kwanza ili jivu litoke, kama alivyomwona akifanya, akajaribu joto kwa kidole chenye mate, akakiunguza. Sketi ilipata mikunjo miwili pale palipotakiwa mmoja, reli kamili ya treni. Alisali, macho wazi, mkono ukienda. "Bwana, mwenye sketi hii anatetemeka. Mshike." Gauni lake mwenyewe alilipitishia pasi haraka, bila neno, maana sala ya gauni lile ilikuwa na mwenyewe na aliondoka nayo. Binti mkubwa alisimama pembeni akikunja kila inayomalizika, na alitaka kuicheka ile reli, lakini midomo ilimkataa.

Likabaki shati.

Alilitandaza. Kola kwanza, kutoka nchani kwenda katikati. Mabega. Mikono. Mvuke ulipanda kila pasi ilipopita, na alijua kinachopanda ni nini: ni yale maji yake, kazi yake ya mwisho, yanatoka shatini na kuishia juu ya dari. Alipunguza mwendo ili yasiishe. Kisha akaligeuza mgongo juu, akaweka pasi, na kwa kuwa ndiyo siku aliyoachiwa pasi, akafanya alichoambiwa.

"Bwana," akasema, "mwenye shati hili."

Maneno yakakatika hapo. Alisikia jikoni patupu nyuma yake. Hakuna aliyesimama upande ule kusikia, kwa sababu aliyekuwa akisimama upande ule ni yeye. Kichwa kikamwinama chenyewe na macho yakajifumba, kama alivyofundishwa tangu utoto, kama alivyofumba kila sala ya maisha yake, na akakaa humo gizani akilitafuta neno la pili.

Harufu ndiyo iliyomwamsha.

"Mama, pasi."

Aliiinua. Katikati ya mgongo wa shati jeupe palikuwa na alama ya kahawia, umbo zima la pasi, ncha ikitazama shingoni.

Tangu aanze kazi Mzee Pasi hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Watu walimletea hariri, wakamletea nguo za maharusi, na zote zilirudi salama. Nguo pekee iliyowahi kuungua juu ya meza ile ilikuwa yake.

Shemeji alitokea wakati huo huo, anahema, na shati jipya ndani ya nailoni. Alilitazama lile la mezani, na kwa mara ya kwanza tangu jana hakuwa na la kuamuru. Alinyoosha mkono tu, taratibu, akaliweka lile jipya pembeni mwa meza.

"Lipo, shemeji," akasema. "Kama utataka."

Mama Pasi alipitisha vidole juu ya ile alama. Ilikuwa bado ya moto. Jipya lilikuwa safi, lina pini kwenye kola na mikunjo ya kiwandani, na hakuna mtu duniani aliyewahi kumwombea mtu juu yake. Hili lilikuwa limeungua kwa sala.

"Atavaa lake," akasema. "Koti litafunika."

"Baba angecheka," akasema binti mkubwa.

"Angenuna kwanza."

"Angenuna wiki nzima. Halafu angecheka."

Hapo wakashikana, wakalia pamoja juu ya meza ile iliyotandikwa blanketi kuukuu, na mtoto wa mgongoni akaamka akalia nao.

Alasiri walikusanyika kaburini. Mchungaji alizungumza vizuri, akasema marehemu alikuwa mtu wa kazi na mtu wa sala, na hakuwahi kuvitenga viwili hivyo. Kisha akasema tufumbe macho tuombe, na vichwa vikainama vyote.

Mama Pasi hakufumba. Mara moja kwa siku ilimtosha.

Aliwatazama. Walisimama kuzunguka kaburi safu kwa safu, na wale wa mbele walikuwa wamegeukia msalaba, migongo kwake. Aliiona kazi ya mume wake yote mahali pamoja, kama alivyoiona marehemu kutoka benchi la nyuma: mabega yamekaa, kola zimesimama, mkunjo wa suruali umeshuka kutoka kiunoni mpaka kiatuni bila kuyumba. Mwalimu alikuwa pale na ile ya kiuno kilichopungua. Hata yule dobi wa sokoni alikuwepo, na shati lake lilikuwa limeregea kama kawaida. Walionyooka ni watu wote. Waliokunjamana ni watoto wa marehemu na mjane wake, na sketi ya kitinda mimba ilionyesha reli zake hadharani.

Mchungaji akaomba wapige magoti. Wakapiga, kwenye udongo ule wa kufukuliwa, na pale pale mikunjo ikavunjika magotini, mmoja baada ya mwingine. Jioni wangerudi nyumbani, wangevua, na kesho nguo zile zingeingia majini. Kufikia kesho kutwa hakungekuwa na kitu mtaani kilichonyooshwa na mkono wa Mzee Pasi. Alitamani kuwapigia kelele wasimame, wasiketi, wasivue. Alijua ni wazimu, akanyamaza.

Badala yake alipiga magoti naye, akalitazama jeneza, akalitazama kweli kweli, na neno la pili likaja.

"Bwana, mwenye shati lile ni mume wangu. Mgongo ulikuwa unamuuma, na alituficha. Hapo palipoungua ni mimi, nilifumba macho. Usimwambie."

Akafikiri kidogo.

"Au mwambie. Atanuna, kisha atacheka."

Akasema amina peke yake, wengine wakiwa bado wameinama.